Mtandao Uliwaka, Aidani Akaanguka

Jumamosi, Novemba. Mbinga. Ukungu tangu asubuhi, na manyunyu yasiyotaka kukatika.

Leo sijapika. Nimerudi kutoka hospitalini, nikavua viatu vyenye matope mlangoni, nikakaa kitandani na koti langu mwilini, na mpaka sasa nimekaa hivyo hivyo. Jirani amepita dirishani akaniuliza kama ninaumwa. Nimemjibu kwamba ni baridi tu.

Si baridi.

Aidani hatatembea tena. Daktari hakulisema hivyo moja kwa moja. Alizungukazunguka na maneno ya uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, lakini macho yake yalikuwa chini muda wote, na mimi nikaelewa.

Naandika haya kwa bando la simu yangu. Ofisini tuna mtandao mzuri sasa, mzuri kuliko wowote uliowahi kufika kwenye kilima hiki, lakini sitaki hata neno moja la shajara hii lipite kwenye mitambo ya chuo. Najua nani anaweza kuchungulia, maana hata mimi nina uwezo huo. Jina la chuo silitaji. Wa hapa watajua, wa mbali haliwasaidii.

Kwa ambaye hajawahi kupita kwenye blogu hii: mimi ni Skola, mzaliwa wa kijiji cha Ukata, msaidizi wa TEHAMA kwenye tawi jipya la chuo kikuu lililofunguliwa mwaka huu nje ya mji. Kitengo chetu kina watu watatu. Yupo Bwana Ndunguru, Mkuu wa Kitengo, ambaye siku nyingi yuko kwenye vikao Songea. Nipo mimi, nakaa mezani kuwasaidia wanafunzi. Na yupo Aidani, fundi, mtu wa ziwani kutoka Chiwanda, anayevuta nyaya, anayefunga ruta kwenye dari na kupanda popote panapohitaji kupandwa.

Alikuwa anapanda. Bado sijazoea kuandika hivyo.

Wiki iliyopita wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wanaripoti. Siku hizi mwanafunzi hasajiliwi kwenye makaratasi. Anachagua masomo kwenye mfumo, anaomba chumba cha hosteli kwenye mfumo, hata kitambulisho kinatoka huko huko. Bila mtandao, wewe ni mtu uliyesimama uani na begi lako.

Nilikuwa nimeandaa mwongozo wa ukurasa mmoja, nikaubandika kwenye kila mlango. Washa waifai. Chagua jina la chuo. Andika namba yako ya usajili. Andika nywila uliyopewa, kisha ibadilishe papo hapo. Niliuona mwepesi kabisa. Nilikuwa nimesahau kwamba nami niliwahi kuogopa kubonyeza kitufe nisije nikaharibu mashine ya watu.

Siku ya kwanza foleni ilitoka mlangoni kwangu ikapinda mpaka kwenye mibuni ya jirani. Wengine walikuwa hawajawahi kushika kompyuta kabisa. Binti mmoja wa kutoka Litembo aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayechambua mchele, na nilipomwambia abadilishe nywila akaniuliza kwa sauti mbele ya wote kama jina la bibi yake litafaa, akalitaja. Aidani alikuwa anapita na bunda la waya begani. Akasimama.

"Mdogo wangu, nywila yako hata mimi usiniambie. Hata nikikuomba kwa upole."

Foleni nzima ikacheka, binti naye akacheka, akarudi kuandika. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na namna ya kumfanya mtu ajione si mjinga.

Kisha Jumatano ikanyesha ile mvua ya kwanza yenye upepo.

Mtandao wetu hauji kwa waya. Unarushwa kutoka mnara mkubwa wa mjini, unapokelewa na dishi lililofungwa juu kabisa ya mnara wetu mdogo wa vyuma, nyuma ya hosteli ya wasichana. Dishi likigeuka kidogo tu, basi, hakuna kitu. Alhamisi asubuhi lilikuwa limegeuka. Taa ya ruta kuu ilikuwa nyekundu, na foleni mlangoni kwangu ilikuwa imekaa chini sakafuni.

Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa. Ijumaa hiyo hiyo walikuwa wanakuja wageni kufungua rasmi maabara ya kompyuta. Viti vya wageni vilikuwa vimeshavishwa vitambaa.

Aidani alitoka, akautazama mnara, akatazama na mawingu yaliyokuwa yanakuja kutoka upande wa ziwani. Vyuma vilikuwa vinachuruzika maji. Akasema tusubiri jua likaushe. Nami nikaona ni sawa. Mkanda wa usalama tuliokuwa nao, kifungio chake kilikuwa kimevunjika tangu kiangazi tuliposimamisha mnara. Aidani alimwambia Mkuu mbele yangu, Mkuu akasema ataleta mwingine kutoka Songea. Kila aliporudi kutoka Songea tulimwangalia mikononi. Safari ya mwisho alirudi na mabango ya ufunguzi.

Nikapiga simu kumweleza Mkuu. Aidani alikuwa karibu yangu, kwa hiyo niliweka sauti ya nje ili wazungumze wenyewe.

Nilieleza. Vyuma vimelowa, mkanda hauna kifungio, tunaomba tusubiri mpaka mchana.

"Kwani huyo ni chumvi, atayeyuka?" Mkuu akasema. Nyuma yake nilisikia watu wakicheka, sijui kama walikuwa wanacheka hilo. "Kesho nina wageni. Mwambie apande sasa hivi. Ajifunge hata kamba. Umenielewa, Skola?"

Nikasema, "Sawa, Mkuu."

Ni mimi niliyesema. Aidani hakufungua mdomo. Nimeshairudia sauti yangu kichwani mara nyingi kiasi kwamba sasa inaniudhi kama sauti ya mtu nisiyempenda.

Aidani alichukua kamba ya manila stoo, ile tuliyokuwa tunafungia maboksi. Akajifunga kiunoni. Hakulalamika. Aliniambia tu nikae chini ya mnara na kompyuta, nimsomee nguvu ya mawimbi kadiri anavyolisogeza dishi. Manyunyu yalikuwa yameanza tena, wanafunzi wote wamejibanza hosteli. Nje tulikuwa sisi wawili.

Nilifunika kompyuta kwa kanga yangu, nikaingiza kichwa humo ndani kama mtu anayejifukiza. Yeye juu, mimi chini, tukawa tunapigiana kelele.

"Kushoto kidogo! Umepita, rudi! Hapo! Hapo hapo, kaza!"

Namba zikapanda. Zikatulia. Taa ikawa ya kijani.

Mle hosteli simu zikaanza kulia. Kwanza moja, kisha nyingine, kisha zote kwa pamoja, meseji za siku nzima zikiingia kwa mkupuo, na wasichana wakapiga kelele za furaha na kugonga madirisha. Nami nikapiga kelele. Nilikuwa bado naangalia skrini. Nilikuwa naangalia zile namba nzuri za kijani, na kinywani mwangu kulikuwa na jina lake, nataka kumwambia tumeweza.

Sikumwona akianguka.

Nilisikia. Sauti ya bati kubwa likipigwa, kwa sababu aligonga vyuma njiani, halafu sauti ya chini ambayo siwezi kuifananisha na kitu na sitajaribu. Nilipotoa kichwa kwenye kanga alikuwa amelala chali kwenye majani, macho wazi, manyunyu yakimwingia usoni. Kamba ilikuwa bado imefungwa kiunoni. Ncha ya pili, aliyokuwa ameifunga kwenye vyuma vya mnara, ilikuwa imechomoka.

Ndani walikuwa bado wanashangilia.

Akaniambia, "Dada Skola, sisikii miguu." Aliisema kwa utulivu, kama anayeniarifu kwamba ruta haijibu.

Gari la chuo lilimpeleka hospitali ya misheni huko juu, njia ya Litembo. Nilikaa naye nyuma, nimekishika kichwa chake, na kila tulipoingia shimoni nilimwomba dereva kwa jina la Mungu aende polepole. Ijumaa wageni walikuja. Walikata utepe. Mwongozo wangu ulisifiwa kwamba umeandikwa kwa lugha nyepesi. Nilisimama nyuma ya ukumbi nikapiga makofi, sijui niliyapata wapi.

Jumanne iliyofuata Mkuu akaniita.

Ofisi yake ina kapeti. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za wazazi Ukata, akaniuliza kahawa mwaka huu ikoje. Kisha akasukuma karatasi mbele yangu. Ilikuwa imeshachapwa, jina langu limo, imebaki saini tu. Ilisema kwamba fundi alipanda mnara kwa uamuzi wake mwenyewe, bila maelekezo ya kiongozi yeyote, na bila kuvaa mkanda wa usalama kama taratibu zinavyotaka.

Nikamwambia, "Mkuu, mimi nilipiga simu."

"Ulinipigia, ndiyo. Tuliongea mambo ya ufunguzi." Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha. "Binti yangu, alivaa mkanda? Hakuvaa. Sasa uongo uko wapi? Hii ni ya faili tu. Wewe ni mtu wetu. Mkataba wako unaisha Desemba na mimi ndiye ninayependekeza majina."

Nikasema naomba niisome nyumbani. Akasema nisikawie.

Sikusaini. Lakini sikukataa pia. Jumatano nilipita mbali na ofisi yake. Alhamisi nilijifanya nina wanafunzi wengi. Nisijipambe hapa: nilikuwa natafuta njia ya kusaini ambayo isingeniuma. Nilikuwa nawaza nyumbani, nawaza wadogo zangu wanaonitegemea, nawaza kwamba karatasi haiwezi kumrudishia Aidani miguu wala kumnyang'anya. Nilifikiri nikienda kumwona nitajua la kufanya.

Leo nimeenda.

Bodaboda alinishusha getini nikiwa nimelowa mpaka magotini. Wodi ya wanaume iko mwisho, kitanda chake ukutani karibu na dirisha. Pembeni, kwenye mkeka, alikuwa amekaa mama yake. Nilimjua kabla hajanigeukia, wana paji la uso moja. Mwanamke mfupi, mwenye nguvu, amevaa kitenge cha umoja wa akina mama wa kanisa lao la Anglikana. Amesafiri kutoka Chiwanda peke yake. Mume wake ni marehemu siku nyingi, na Aidani ndiye kitinda mimba wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Skola? Amekutaja." Akanishika mikono yote miwili. "Asanteni. Mmetulelea mtoto. Jana mkubwa wenu amekuja na sukari na sabuni na maziwa. Mwambieni tumeshukuru."

Nikakaa. Akaanza kunisimulia Aidani alivyokuwa mtundu utotoni, akipanda mawe makubwa pale ufukweni kwao na kujirusha majini huku watu wazima wakimkataza. Kisha akamgeukia kitandani.

"Kichwa ngumu. Tangu mtoto, kichwa ngumu. Unaambiwa usipande, unapanda. Bila mkanda! Wenzako wanakukataza, wewe unapanda. Ona sasa unavyonitesa uzee huu."

Alikuwa anamgombeza kwa upendo, huku anamfuta jasho. Aidani alikuwa ameangalia ukuta. Nami nilisikia maneno yale, unaambiwa usipande, na nikaelewa kwamba kuna mtu aliyemwambia mama kwamba tulimkataza.

Mama alipotoka kwenda kufua nguo, Aidani akageuza uso. Amekonda. Macho yamekuwa makubwa.

"Kasi ikoje?" akaniuliza.

"Kasi ya nini?"

"Ya mtandao."

"Nzuri. Wote wamesajiliwa."

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyeridhika. Halafu akasema, "Mkuu alikuja jana. Nimesaini."

Nikamnyoshea shuka.

"Amesema nikisaini kwamba nilipanda mwenyewe, wiki ijayo gari la chuo linanipeleka hospitali kubwa, Dar. Nisiposaini ni mambo ya mawakili, na mawakili wanakula miaka. Mgongo wangu haungoji miaka, dada. Kwa hiyo na wewe saini. Tukipishana maneno wataniacha hapa."

"Na mama?"

"Mama usimwambie. Anaongea sana. Acha aamini mimi ni mkaidi. Ameshazoea."

Nilitoka nje kwa kisingizio cha kwenda msalani. Kwenye korido nikakutana na daktari, bado kijana, koti jeupe limechakaa kwenye mikono. Nikamuuliza gari la kumpeleka mgonjwa Dar linakuja siku gani.

Akanishangaa. "Gari lipi?"

Nikamweleza nilivyoambiwa. Akanivuta pembeni. Alisema rufaa alishaiandika mapema wiki hii, na chuo kilishaarifiwa, kikaarifiwa tena, jibu likawa kwamba jambo linashughulikiwa. Jana alipomwona mkubwa wetu wodini alifikiri amekuja kwa ajili ya safari.

"Aliniuliza kitu kimoja tu," daktari akasema. "Kama mgonjwa ana akili timamu za kutia saini."

Nilijiegemeza ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi na nilishukuru kwa baridi ile.

Akaniambia Jumatatu gari la hospitali linampeleka mama mmoja mjamzito Songea, kwenye hospitali ya rufaa. Kuna nafasi. Aidani anaweza kwenda nao, angalau aanzie huko, wataalamu wamwone. Kisha akasema taratibu, "Ila msiwe na matumaini makubwa. Hata angefika Dar siku ile ile." Hakumaliza.

Mama yake alikuwa kwenye makaro ya kufulia nyuma ya wodi, anasugua shuka, povu limefika viwikoni. Nilisimama mbali kidogo nikimtazama. Aidani alikuwa ameniomba. Mtu amelala hana miguu, amekuomba kitu kimoja, wewe unasimama nje unapima. Na bado nilijua kwamba nikinyamaza, mama huyu atarudi Chiwanda na mwanawe mlemavu nyuma ya gari la watu, na maisha yake yote atakuwa anamgombeza kwa kosa ambalo si lake, na huku akituma salamu za shukrani kwa mtu wa sukari.

Nikaenda. Nikamwambia, "Mama, Aidani hakukataa kusikia. Aliambiwa apande."

Hakuelewa mara ya kwanza. Nikamweleza tangu mwanzo: mvua, dishi, kifungio cha mkanda, simu. Nikamwambia na neno la chumvi, ingawa ningeweza kuliruka. Nikamwambia ni nani aliyejibu sawa. Nikamwambia kuhusu saini na kuhusu gari lisilokuwepo.

Alikuwa ameacha kusugua. Maji yalikuwa yanaendelea kutoka bombani, yakafurika, yakamwagikia miguuni, hakusogea. Nilitegemea kilio, au kofi. Ningelipokea.

"Namgombeza," akasema mwishowe. "Tangu nimefika, kila siku namgombeza."

Akafunga bomba. Akaingia wodini na mikono yake yenye povu, nami nyuma yake, nikaona anavyosimama juu ya kitanda na kumwambia mwanawe maneno machache kwa Kinyasa. Sikuyaelewa, mimi ni Mmatengo. Lakini Aidani alijifunika uso kwa mikono na mabega yakaanza kutikisika, na mama akapanda kitandani, mwanamke mzima, akalala ubavuni mwake kama anavyolala na mtoto mchanga. Wagonjwa wengine wakageukia pembeni.

Alipotulia, Aidani akanitafuta kwa macho.

"Nilikuomba kitu kimoja tu, dada."

"Gari halipo, Aidani. Daktari—"

"Nilikuomba."

Akageukia ukuta. Niliaga, hakuitikia. Nilisubiri kidogo nikaaga tena. Hakuitikia.

Mama alinisindikiza mpaka kwenye baraza. Macho yake yalikuwa makavu na makali, hayakuwa ya yule mama wa shukrani wa asubuhi. Akaniuliza kama kuna ofisi ya serikali inayoshughulikia watu walioumia kazini. Nikamwambia ipo, ofisi ya kazi ya mkoa, Songea. Akauliza kama mimi nitasema kule yale niliyomwambia yeye.

"Nitasema, mama."

"Wakikufukuza?"

Nilitaka kumpa jibu la kishujaa. Nilimwambia pengine watanifukuza.

Hakunibembeleza, wala hakunishukuru. Alisema tu, "Basi uje Jumatatu mapema, gari haliwezi kukungoja," akarudi ndani kwa mwanawe.

Njiani bodaboda alijaribu kunipigisha stori, nikashindwa. Nilipofika nyumbani nilimwandikia Mkuu ujumbe kabla woga haujanirudia. Niliandika: Mkuu, sitasaini. Nilisikia simu na Aidani aliisikia. Nikautuma. Nikaiweka simu chini ya mto kama vile ingeweza kuniuma.

Jibu lilikuja haraka. "Jumatatu saa mbili kamili, ofisini kwangu." Hakuna salamu, hakuna "binti yangu".

Nimekaa naitazama dari. Nimejaribu kupiga hesabu ya Desemba na baada ya Desemba, nimeiacha. Nimewaza kumpigia baba Ukata, nikawaza atakavyonyamaza, nikaacha pia. Ninachokiona kila nikifumba macho si mnara. Ni yule mama amelala ubavuni mwa mtoto wake na viatu vyake vya plastiki vimebaki sakafuni, vinachuruzika maji.

Jumatatu saa mbili nitakuwa nyuma ya gari la hospitali, tunateremka kuelekea Songea. Atakuwepo mama mjamzito na atakuwepo mama yake Aidani. Na Aidani atakuwa amelazwa katikati yetu, mahali pasipo na ukuta wa kugeukia.

Akinitazama, nitamwambia nini?